Hagai hakuitisha harambee

Siku ya kuchangia ujenzi wa kanisa, mara nyingi somo hujulikana kabla mhubiri hajafungua kitabu: nabii Hagai, sura ya kwanza. Zinasomwa nyumba zilizotiwa mapambo, unasomwa mfuko uliotoboka, kisha bahasha zinapita. Msikilizaji anarudi nyumbani na fundisho moja: fedha zangu hazikai kwa kuwa sijatoa, nikitoa, zitakaa.

Makala haya yanaupinga usomaji huo. Kutoa ni jambo jema, na kanisa lisilochangiwa halijengwi. Lakini Hagai hakuomba fedha hata mara moja. Katika neno lake la kwanza aliagiza watu watafakari, na wapande mlimani wakalete miti ya kujengea. Fedha na dhahabu anazitaja mahali pamoja, sura ya pili mstari wa 8, na hapo anazitaja ili awaondolee watu hofu ya kukosa, akisema ni mali ya Mungu. Anayelifanya andiko hili kuwa la kuchangisha anaruka jambo gumu zaidi ambalo nabii alilitaka.

Tuanze na harambee yenyewe, kwa sababu ilikuwa imeshafanyika. Babeli iliangushwa mwaka 539 KK, na mwaka uliofuata Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwaruhusu Wayahudi kurudi na kuijenga nyumba ya Mungu, yaani hekalu la Yerusalemu, iliyochomwa na Wababeli mwaka 586 KK. Ezra anataja waliorudi kuwa 42,360, bila watumwa na waimbaji, na anataja walichochanga viongozi wa koo: darkoni (sarafu) 61,000 za dhahabu, mane (kipimo cha uzito) 5,000 za fedha, na mavazi 100 ya makuhani. Madhabahu ikasimamishwa. Waashi na maseremala wakalipwa. Watu wa Sidoni na Tiro wakapewa chakula, vinywaji na mafuta ili walete mierezi ya Lebanoni kwa bahari hadi Yafa. Msingi ukawekwa, karibu mwaka 536 KK, watu wakapiga vigelegele na wazee wakalia. Kisha kazi ikasimama miaka kama 16.

Huko kwetu tunaujua msingi wa namna hiyo. Unapita barabarani unauona: majani yameota katikati, nondo zilizoachwa zikichomoza kwenye nguzo zimeshika kutu, na tofali za ukingoni zimeanza kuhamia kwenye mabanda ya jirani. Fundi anayeitwa kuendeleza kazi kama hiyo haanzi na saruji. Anaanza kufyeka, kusugua kutu, kupima kama nondo imeliwa kiasi cha kubadilishwa, na kuangalia kama maji yameuchimba udongo chini ya zege. Kuna gharama ya kujenga na kuna gharama ya kuacha, na hii ya pili huwa haimo kwenye makadirio ya kamati yoyote.

Kwa nini kazi ilisimama? Ezra anawataja maadui waliowavunja moyo wajenzi na kuwanunua washauri wa kuwapinga. Hagai hamtaji adui yeyote. Anataja kauli moja ya watu wenyewe: wakati wa kuijenga nyumba ya Bwana haujafika. Sioni kuwa wawili hawa wanapingana. Maadui walikuwapo kweli, ila Hagai anashughulika na sehemu ya kosa ambayo msikilizaji anaweza kuirekebisha leo. Tena kauli ile haikuwa ya wavivu. Ilikuwa na hoja. Yeremia alikuwa ametaja miaka sabini, na ukihesabu tangu 586 KK, sabini haijatimia mwaka 520. Pia waraka wa Koreshi, kama Ezra sura ya 6 inavyounukuu, ulisema gharama italipwa kutoka nyumba ya mfalme. Waraka huo hata uliweka vipimo: kimo dhiraa 60, upana dhiraa 60, safu tatu za mawe makubwa na safu moja ya miti mipya. Kwa hesabu yangu, inaelekea sehemu ya "wakati haujafika" ilikuwa kungoja fungu la serikali ambalo liliahidiwa na halikuonekana kwa miaka 18. Kamati nyingi za ujenzi zimelala usingizi huohuo.

Ndipo Hagai anasimama. Kitabu chake kina sura mbili na mistari 38. Katika Agano la Kale ni Obadia peke yake aliye mfupi kuliko yeye. Lakini ni wachache walioandika tarehe kwa uangalifu kama wake. Siku ya kwanza ya mwezi wa sita, mwaka wa pili wa mfalme Dario, ni 29 Agosti 520 KK kwa kalenda yetu. Tarehe 24 ya mwezi huohuo, yaani 21 Septemba, kazi inaanza. Tarehe 21 ya mwezi wa saba ni 17 Oktoba. Tarehe 24 ya mwezi wa tisa ni 18 Desemba, na siku hiyo anasema mara mbili. Huduma yake yote inayojulikana haikufika miezi minne. Anayezipita tarehe hizi hawezi kumwelewa, kwa sababu kila tarehe imeegemea msimu wa shamba.

Mwishoni mwa Agosti huko Yuda, shayiri na ngano zimeshavunwa tangu Aprili hadi Juni, zimepurwa, zimepepetwa na kupimwa. Zabibu zinachumwa. Zeituni bado ziko mtini. Ni mwezi mwandamo, siku ya sadaka, watu wamekusanyika. Kila mtu anajua ghala lake lina nini. Ndipo linapokuja neno: zitafakarini njia zenu.

Kwa Kiebrania ni "simu levavkhem al darkhekhem", neno kwa neno: wekeni mioyo yenu juu ya njia zenu. Moyo kwa Waebrania ni mahali pa kuwaza na kukata shauri, kama sisi tunapomwambia mtoto "hilo litie moyoni", tukitaka alishike, wala hatumtaki alihuzunikie. Agizo hilo linarudi mara tano ndani ya mistari 38: mara mbili katika sura ya kwanza, mara tatu katika ya pili. Sura ya kwanza inaitafakari njia waliyoipita. Sura ya pili inaitafakari siku, kuanzia leo kwenda mbele na kurudi nyuma. Huu ni ukaguzi wa hesabu, na nabii anawapa safu za daftari.

Safu ni tano: mbegu, chakula, kinywaji, nguo, mshahara. Kila moja ina kilichoingia na kilichotoka. Mmepanda nyingi, mkavuna kidogo. Mnakula, hamshibi. Mnakunywa, kiu haiishi. Mnavaa, hakuna anayepata joto. Kibarua anapokea ujira na kuutia katika mfuko wenye matundu. Angalia kuwa hakuna anayeshutumiwa kwa uvivu. Walipanda mbegu nyingi. Walifanya kazi ya kulipwa. Hagai anasema na watu wanaochoka kila siku na hawaoni wanakokwenda, na anayetumia andiko hili kuwakemea maskini kwamba hawajishughulishi amelisoma kinyume.

Katika sura ya pili anatoa tarakimu. Mtu aliufikia lundo la nafaka akitazamia vipimo 20, akakuta 10. Alifika kwenye shinikizo kuchota 50, akapata 20. Nafaka imepungua kwa nusu, divai kwa asilimia 60. Hasara ya aina hii haionekani shambani, inaonekana kwenye kipimo. Lundo lile kwa macho lilikuwa la vipimo 20. Mkulima yeyote aliyejaza debe la mahindi yaliyosinyaa anaelewa: kwa macho ni mengi, kwenye mizani ni mepesi. Nabii anataja na sababu zake za shambani: ukavu, koga, mvua ya mawe. Ukavu ni kazi ya upepo wa moto utokao jangwani mashariki, unaoichoma suke kabla punje haijajaa. Neno analolitumia kwa koga limetokana na rangi ya majani yanayogeuka manjano. Sura ya kwanza inaongeza umande, na hilo kwa msomaji wa Pwani au wa Maziwa Makuu linaweza kupita bila kuonekana. Yuda haina mvua kuanzia karibu Mei hadi Septemba. Katika miezi hiyo umande ni tegemeo kubwa la mizabibu na miti ya matunda. Umande ukizuiliwa, kiangazi kinaingia hadi ndani ya shinikizo.

Ukavu na koga vinatajwa pamoja pia katika Kumbukumbu la Torati sura ya 28, kwenye orodha ya laana za agano, na katika Amosi sura ya 4. Wasikilizaji wa Hagai waliijua orodha hiyo. Alikuwa anawasomea mkataba walioutia sahihi wao wenyewe. Kwa sababu hiyo si halali kuuchukua ukame wowote, wa Dodoma au wa Turkana, na kuwaambia waliokumbwa nao kuwa wamemkosea Mungu kwa kutomaliza kanisa. Hagai aliufasiri ukame mmoja, wa taifa moja, chini ya agano moja. Kitabu cha Ayubu kipo katika Biblia ileile kuwazuia wanaotaka kuufasiri kila msiba.

Kuna mchezo wa maneno ambao Kiswahili, kuliko lugha nyingi, kinaweza kuubeba. Nyumba ya Mungu, anasema Hagai, ni "hareb", gofu. Kwa hiyo, asema Mungu, nimeita "horeb", ukame, juu ya nchi. Mzizi wa neno la gofu ni uleule wa Kiarabu kh-r-b, uliotupa sisi "haribu" na "uharibifu". Nyumba imeharibika, na nchi imeharibika. Jina la nabii nalo si geni masikioni mwetu: Hagai linatokana na "hag", sikukuu, ndugu wa neno la Kiarabu lililotupa Haji na hija. Hata "hekalu" tumelipokea kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ya mbali ni Kisumeri, e-gal, nyumba kubwa. Lakini Hagai hulitumia neno hilo mara mbili tu. Kwingine kote anasema "nyumba". Nyumba zenu, nyumba hii. Ulinganisho wake wote umesimama juu ya neno moja la kawaida.

Na nyumba zenu zikoje? "Sefunim". Tafsiri tuliyoizoea inasema zilizotiwa mapambo. Kitenzi chake ndicho kilichotumika Sulemani alipolifunika hekalu kwa mbao za mwerezi katika 1 Wafalme sura ya 6, na ndicho anachokitumia Yeremia kumkemea mfalme aliyejenga jumba la mwerezi kwa jasho la wasiolipwa. Kinaweza kumaanisha kupigiliwa mbao ukutani, na kinaweza kumaanisha kuezekwa tu. Mimi naegemea maana ya pili kwa watu wengi na ya kwanza kwa wakubwa wachache. Watu wasioshiba hawakuwa wote na kuta za mwerezi. Lakini wote walikuwa na paa, na nyumba ile haikuwa nalo.

Ndiyo maana agizo lilikuwa miti. Mawe yalikuwapo, kifusi cha hekalu la kwanza kilikuwa palepale. Moto wa 586 KK ulimaliza kila kilichokuwa cha mti, na mawe ya chokaa yaliyopigwa na moto hupasuka, hivyo ilibidi kuchagua mazima na kuyatupa mengine. Miti ilihitajika kwa jukwaa la mafundi, kwa magogo ya kusukumia mawe, kwa nyenzo, na kwa ile safu moja ya mti juu ya safu tatu za mawe, ujenzi ambao Sulemani naye aliutumia kwenye ua. Kazi hizo zinawezekana kwa mti wa mlimani. Paa la ukumbi haliwezekani. Hekalu la Sulemani lilikuwa na upana wa ndani wa dhiraa 20, karibu mita 10. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Unguja wangeelewa mara moja: vyumba vyao ni virefu lakini vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Mkuyu wa Yuda uliezeka nyumba za watu wa kawaida. Kwa mita 10 unahitaji mwerezi. Kwa hiyo Hagai hakuwaagiza walete kila kitu. Aliwaagiza walete kile ambacho mikono na mashoka yao yangeweza kukipata wiki ile.

Neno lile la kwanza halikuelekezwa kwa umati. Lilimwendea Zerubabeli, liwali wa Yuda, na Yoshua kuhani mkuu. Hili hurukwa sana. Aliyeshika ofisi na aliyeshika madhabahu ndio waliotakiwa kutafakari kwanza. Kamati inayotaka kumtii Hagai ingefungua daftari mbele ya waumini kabla ya kupitisha bahasha: harambee iliyopita ilipata kiasi gani, saruji iliingia mifuko mingapi, na ni nini kilichosimamisha kazi. Kisha ingetaja kazi inayoweza kuanza bila shilingi mpya: kufyeka, kusomba mchanga, kumwaga maji. Tangu neno la kwanza hadi kazi kuanza zilipita siku 23. Kwa mwezi wa mavuno, huo ni mwendo wa haraka. Na baada ya watu kutii, ujumbe unaofuata ni maneno mawili tu ya Kiebrania: nipo nanyi. Hakuna hesabu ya nani ametoa ngapi.

Tarehe 17 Oktoba ni siku ya saba ya Sikukuu ya Vibanda, sherehe ya mavuno, mwaka ambao mavuno hayakuwapo. Ni sikukuu ileile ambayo Sulemani alilizindua hekalu lake. Wazee waliokumbuka nyumba ya kwanza walikuwa wamepita miaka sabini. Tangu kuchomwa ilikuwa 66. Hagai anawauliza waziwazi: si kama si kitu machoni penu? Hakuwanyamazisha, wala hakuwaambia wanakosea. Anasema iweni hodari, mara tatu, kwa liwali, kwa kuhani, kwa watu wa nchi, kisha: mkafanye kazi. Hapo ndipo inapotajwa fedha yangu na dhahabu yangu, pamoja na ahadi kwamba tunu za mataifa zitakuja.

Zilikujaje? Kwa njia ya mkaguzi. Tatenai, mtawala wa Ng'ambo ya Mto, jimbo la Waajemi lililokuwa magharibi ya mto Frati, alifika akauliza nani amewapa ruhusa na majina yenu ni nani. Hawakuacha kazi wakati barua ikienda. Waraka wa Koreshi ulitafutwa, ukapatikana Ahmetha katika Umedi, na Dario akaamuru gharama ilipwe kutoka ushuru wa jimbo la Tatenai mwenyewe. Fungu lililongojwa miaka 18 lilitoka baada ya kuta kuanza kupanda.

Bado kuna mistari inayouvunja kabisa usomaji wa bahasha. Tarehe 18 Desemba Hagai anawauliza makuhani swali la sheria. Mtu amebeba nyama takatifu katika upindo wa vazi, upindo ukagusa mkate, mchuzi, divai au mafuta: je, hivyo vinakuwa vitakatifu? Makuhani: la. Na mtu aliyetiwa unajisi na maiti akivigusa? Vinakuwa najisi. Unajisi unaambukiza, utakatifu hauambukizi kwa kupitia nguo. Ndivyo walivyo watu hawa, anasema, na kila kazi ya mikono yao. Wapo wafasiri waliodhani anawasema Wasamaria, lakini hakuna neno ndani ya andiko linalowataja. Anawasema wajenzi wenyewe, kazi ikiwa imeshaendelea miezi mitatu. Jengo takatifu halimtakasi fisadi aliyechangia bati. Sadaka iliyogusana na madhabahu haiusafishi mkono uliodhulumu. Sijawahi kuona mistari hii ikisomwa siku ya harambee, na ndiyo inayohitajika kuliko yote siku hiyo.

Hapo ndipo agizo la kutafakari linaporudi mara tatu kwa mfululizo. Wayatie moyoni yaliyopita kabla jiwe halijawekwa juu ya jiwe, na waitie moyoni siku hii, siku ya msingi. Wataalamu wanailinganisha siku hiyo na desturi ya Mesopotamia, ambako jiwe au tofali la jengo la kale lilitolewa na kuwekwa katika jipya kwa ibada maalumu. Ndiyo sababu msingi uliokwisha kuwekwa ungeweza "kuwekwa" tena. Ukame ulikuwa haujafutwa. Hakuna aliyekuwa amepata vipimo 20. Nabii anauliza: je, mbegu ingali ghalani? Mzabibu, mtini, mkomamanga na mzeituni havijazaa bado. Tangu siku hii ya leo nitawabariki.

Ilikuwa katikati ya Desemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimepita, na mbegu, ile kidogo iliyobaki baada ya mavuno ya nusu, ilikuwa imeshafukiwa ardhini. Shayiri ingevunwa Aprili. Hekalu lingekamilika baada ya miaka minne na miezi mitatu, tarehe 3 ya mwezi wa Adari, 515 KK, na katika habari za siku ile ya kuzindua jina la Zerubabeli halimo.